Washington: miaka 100 bila kuchagua meya wala diwani

  

Leo nataka tuongee jambo ambalo linarudi karibu kila ninapopiga simu nyumbani. Mifereji imeziba, taka zimejaa, barabara ina mashimo ya kufugia samaki... nani atengeneze? Mjomba wangu wa Temeke ana jibu lake, na wanaomfahamu wanalijua kwa moyo: "Fukuzeni madiwani, leteni tume!" Mjomba hadi leo anaisifu Tume ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyoongozwa na Charles Keenja kuanzia mwaka 1996, Serikali ilipolivunja Baraza la Jiji, mpaka mwaka 2000. Kwa mjomba, hiyo ndiyo miaka ambayo jiji lilikuwa na mwenyewe. Madiwani, anasema, kazi yao posho tu.

Mimi simbishii kwamba tume ile ilifanya kazi. Lakini mjomba huwa anamalizia hivi: "Huko kwenu Marekani wasingekubali uzembe huu, wangeweka watu wa kazi." Hapo ndipo ninapotaka kusema kitu. Kwa sababu mji mkuu wa Marekani, ambao mimi naingia kila siku kutafuta riziki, umeinywa hiyo dawa ya mjomba kwa miaka 100. Ngoja niwasimulie ilikuwaje, halafu mtaamua wenyewe.

Kwanza mjue ninakaa wapi

Mnapoandika bahasha mnaandika "Washington", na mimi nawaacha tu. Kusema kweli nakaa Takoma Park, mji mdogo ulio jimbo la Maryland. Kati yetu na Washington kuna barabara moja, Eastern Avenue. Ukivuka tu umebadilisha serikali: polisi wengine, kodi nyingine, sheria nyingine. Hata kituo cha treni ninachotumia kiko ng'ambo hiyo, upande wa Washington. Majirani zetu wa Silver Spring, ambako Waethiopia wamejaa na Watanzania hatukosekani, hawana meya kabisa. Wao wanahudumiwa na kaunti ya Montgomery, ambayo mnaweza kuifananisha na halmashauri ya wilaya. Sisi wa Takoma Park tuna kaunti hiyo hiyo, na juu yake tuna meya na madiwani 6 wa kwetu.

Washington yenyewe haiko ndani ya jimbo lolote. Jina lake rasmi ni Wilaya ya Columbia, ndiyo maana watu wanaita "DC". Kwa sensa ya mwaka 2020 ilikuwa na watu karibu 690,000, wengi kuliko jimbo zima la Wyoming au la Vermont. Wyoming ina maseneta wawili na mbunge. Washington haina seneta hata mmoja, na mwakilishi wake bungeni haruhusiwi kupiga kura ya mwisho kwenye muswada. Kodi ya serikali kuu wanalipa kama Wamarekani wengine wote. Tangu mwaka 2000 wameanza kuandika malalamiko hayo kwenye namba za magari yao: kodi tunatozwa, uwakilishi hatuna. Fikirieni namba za magari ya Dar zikiwa na lawama kwa Bunge la Dodoma!

Mji uliozaliwa kwa sababu ya mishahara

Ilianza hivi. Mwezi Juni 1783 Kongresi, yaani bunge lao, ilikuwa inakutana Philadelphia. Wanajeshi waliokuwa hawajalipwa mishahara wakalizunguka jengo na bunduki zao wakidai haki yao. Viongozi wa jimbo la Pennsylvania wakaombwa walete askari wa kuwatawanya, wakasita. Wabunge wakaondoka mjini na kuhamia Princeton.

Kutokana na aibu ile wakaapa kutotegemea tena ulinzi wa jimbo la mtu. Katiba yao ikaipa Kongresi mamlaka yote juu ya eneo la mji mkuu, lisilozidi maili 10 kwa 10. Mwaka 1790 wakapitisha sheria, Rais George Washington akachagua mahali penyewe kando ya mto Potomac, Maryland na Virginia zikatoa ardhi. Serikali ikahamia huko mwaka 1800. Mwaka uliofuata Kongresi ikaliweka eneo hilo rasmi chini yake, na wakazi wakajikuta si watu wa Maryland wala wa Virginia tena. Kura ya mbunge na ya rais ikawaponyoka hapo hapo.

Serikali yao ya mji walibaki nayo. Kuanzia mwaka 1802 walichagua baraza, na kuanzia 1820 wakamchagua na meya wenyewe. Ila "wenyewe" maana yake wanaume weupe tu. Biashara ya watumwa ilifanyika humo humo, na watumwa waliachiwa huru kwa sheria ya tarehe 16 Aprili 1862, karibu miezi 9 kabla ya tangazo maarufu la Rais Lincoln. Tarehe hiyo mpaka leo ni sikukuu ya jiji.

Miaka saba ya kura

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, swali likawa kama wanaume Weusi wapige kura za mji. Desemba 1865 wapiga kura weupe wa Washington waliulizwa maoni yao. Waliokataa walikuwa 6,591. Waliokubali... 35! Kongresi ikapuuza matokeo hayo, ikampuuza hata Rais Andrew Johnson aliyeikataa sheria, na Januari 1867 wanaume Weusi wa Washington wakapewa kura, miaka 3 kabla ya katiba kuwapa haki hiyo wenzao wa nchi nzima.

Walichofanya na kura ile ndicho ninachotaka mjomba akisikie. Mwaka 1871 Kongresi iliunganisha mji wa Washington, Georgetown na vijiji vya pembeni kuwa serikali moja, yenye gavana wa kuteuliwa na rais na baraza dogo la kuchaguliwa na wananchi. Mwaka 1872 na 1873 watunga sheria wa serikali hiyo mpya walipitisha sheria zinazokataza hoteli na migahawa kumnyima mtu huduma kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1872, jamani! Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Wakati huo huo kulikuwa na bwana mmoja, Alexander Shepherd, aliyeshika idara ya kazi za umma na baadaye akawa gavana. Huyu angekuwa rafiki wa mjomba kabisa. Washington ilikuwa mji wa matope na mifereji inayonuka. Shepherd akaweka lami, akachimba mitaro ya maji taka, akaweka taa za gesi, akapanda maelfu ya miti. Hakungoja vikao. Lakini alitumia fedha kuliko sheria ilivyomruhusu, deni likawa mlima, na tarehe 20 Juni 1874 Kongresi ikaivunja serikali yote.

Angalieni vizuri. Aliyekopa alikuwa mteule wa rais. Waliovuliwa haki ya kuchagua walikuwa wananchi.

Tume inaingia

Ikawekwa tume ya watu 3, wote wa kuteuliwa na rais. Waliambiwa ni ya muda. Mwaka 1878 ikafanywa ya kudumu: raia wawili na mhandisi mmoja wa jeshi. Kongresi ikaahidi kulipa nusu ya bajeti ya jiji, na matajiri wengi wa mji wakaona biashara ni nzuri. Barabara zinatengenezwa, nusu ya gharama analipa mwingine, na watu Weusi hawapigi kura. Mimi siwasingizii. Mwaka 1890 seneta wa Alabama, John Tyler Morgan, alisema mbele ya Seneti, bila kuficha, kwamba kura ilifutwa kwa wote ili kuwazuia Weusi.

Na ile tume haikuwa ya wezi. Ndiyo maana kisa hiki si rahisi. Kwa miaka mingi Washington ilisifiwa kuwa mji uliopangwa vizuri, wenye maji, miti na barabara pana. Mjomba angetembea pale mwaka 1910 angesema, "Si nilikwambia?"

Taabu ilionekana pale wananchi walipotaka kukataa jambo. Miaka ya 1950 serikali iliamua kubomoa sehemu kubwa ya kusini magharibi mwa jiji, mtaa wa watu wa kipato cha chini, wengi wao Weusi, ili ijengwe upya. Watu kama 23,000 walihamishwa na biashara zipatazo 1,500 zikaondolewa. Mwenye duka mmoja alikwenda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, akashindwa mwaka 1954. Makanisa yakavunjwa, majirani wa miaka 40 wakatawanywa. Diwani wa kumwendea usiku ukamgongea mlango, hakuwepo. Meya wa kumwambia "mwakani hutapata kura yangu", hakuwepo. Kulikuwa na kamati ya Kongresi, na wajumbe wake walichaguliwa na watu wa majimbo ya mbali ambao Washington hawajawahi kuiona.

Sasa zile sheria za 1872 na 1873. Tume ilipoingia zilisahaulika, hata kwenye vitabu vya sheria zikaachwa, na Washington ikawa mji wa ubaguzi kama miji mingine ya kusini. Lakini hazikuwa zimefutwa. Mwaka 1950 mama mmoja, Mary Church Terrell, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, aliingia na wenzake kwenye mgahawa wa Thompson, wakanyimwa chakula, wakaenda mahakamani na sheria ile ya zamani. Juni 1953 Mahakama Kuu ikasema sheria bado ni hai. Migahawa ya mji mkuu ikafunguliwa kwa watu wote. Yaani baraza lililochaguliwa na wananchi, lililoishi miaka michache tu na kuzikwa kwa sababu ya deni, liliwaokoa wajukuu wa wapiga kura wake miaka 80 baadaye. Tume, kwa miaka yake yote ile, haikuwahi kuitumia sheria hiyo mpaka wananchi walipoifukua wenyewe.

Kura inarudi kwa vipande

Kura ilirudi kidogo kidogo kama deni linalolipwa kwa shida. Mwaka 1961 katiba ilibadilishwa ili wakazi wamchague rais, wakampigia kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson aliiondoa tume ya watu 3, akamteua Walter Washington kuwa mkuu wa jiji na baraza la watu 9, nao wote wa kuteuliwa. (Ndiyo, jina lake ni Washington na jiji ni Washington, msichanganyikiwe.) Mwaka 1968, Dk. Martin Luther King alipouawa na mitaa ikawaka moto, mkuu huyo alishinikizwa awaruhusu polisi kuwapiga risasi waporaji. Akakataa.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na mpango wa kupitisha barabara kuu kubwa katikati ya mitaa ya watu. Wakazi wasiokuwa na kura walitumia miguu yao: waliandamana, walijaza mikutano, walikaa ndani ya nyumba zilizokwishatwaliwa. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Sammie Abbott, mzungu wa hapa hapa Takoma Park, ambaye baadaye tulimpata kuwa meya wetu, akishirikiana na Reginald Booker, kijana Mweusi wa Washington. Barabara hiyo haikujengwa, na sehemu ya fedha za barabara ikaenda kujenga treni za chini ya ardhi zilizoanza mwaka 1976. Mimi napanda treni hiyo kila asubuhi.

Kizuizi kikubwa cha kujitawala kilikuwa John McMillan, mbunge wa South Carolina, mwenyekiti wa kamati ya Kongresi iliyoisimamia Washington kwa zaidi ya miaka 20. Inasimuliwa kwamba Walter Washington alipompelekea bajeti yake ya kwanza, McMillan alimjibu kwa kumtumia lori la matikiti maji. Huko nyumbani ni zawadi nzuri. Hapa, kumpa mtu Mweusi matikiti kwa namna ile ni tusi. Watu wa Washington hawakuwa na kura ya kumwondoa, basi wakaenda South Carolina kuwahamasisha wapiga kura Weusi wa jimbo lake, na mwaka 1972 akaanguka kwenye kura za maoni za chama chake.

Aliyerithi kiti cha kamati ni Charles Diggs wa Detroit. Wazee wetu wanaofuatilia siasa za ukombozi watamkumbuka: ndiye aliyeongoza kamati ndogo ya Afrika katika Kongresi na kupigania vikwazo dhidi ya makaburu. Mtu aliyekuwa akidai Waafrika wajitawale hakuona sababu ya Washington kutojitawala. Sheria ikapita, Rais Nixon akaitia saini tarehe 24 Desemba 1973, wananchi wakaikubali kwa kura Mei 1974, wakachagua viongozi Novemba 1974, na tarehe 2 Januari 1975 Walter Washington akaapishwa, safari hii kwa kura za watu. Kutoka Juni 1874 mpaka Novemba 1974. Hesabuni wenyewe.

Jiji lenyewe linafanyaje kazi?

Dada yangu aliniuliza nani ni mwenyekiti wa mtaa huko. Yupo! Washington ina meya wa miaka 4 na madiwani 13: mmoja kwa kila kata kati ya kata 8, wanne wa jiji zima, na mwenyekiti wa baraza. Kwa kuwa hakuna jimbo juu yao, baraza hili linafanya kazi za halmashauri na za jimbo kwa pamoja, kuanzia kuzoa taka mpaka leseni za udereva na chuo kikuu.

Chini yake kuna makamishna wa mitaa. Kila mmoja anawakilisha watu kama 2,000, anachaguliwa kwa miaka 2, na halipwi mshahara. Tangu mwaka 2023 wako 345 katika kamati 46. Hawana amri ya kusimamisha jambo. Lakini mtu akitaka leseni ya baa au kujenga ghorofa mtaani kwao, idara inayohusika inalazimika kisheria kuyapa maoni yao uzito mkubwa na kueleza kwa maandishi kama haikubaliani nayo. Hebu fikirieni mwenyekiti wa mtaa wa Tandale akijibiwa kwa maandishi!

Huduma za kila siku ni hivi. Taka za nyumba zenye familia 3 au chini ya hapo zinazolewa na jiji lenyewe. Majengo makubwa yanajitafutia kampuni. Taa ya barabarani ikizimika au shimo likitokea, unapiga namba 311, unapewa namba ya ombi lako, na kwa namba hiyo unafuatilia limefikia wapi. Si kwamba kila kitu kinapona haraka. Ila kinaandikwa, na wakati wa kampeni mgombea anaulizwa.

Mjomba, na mimi nakupa haki yako

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Baada ya kujitawala, Washington ilipata Marion Barry, mpigania haki za Weusi aliyeingia umeya mwaka 1979. Alianzisha ajira za kiangazi kwa vijana na alifungua milango ya kazi za jiji kwa Weusi waliokuwa wamefungiwa. Wazee wengi wa hapa wanamkumbuka kama mtu aliyewapa mshahara wao wa kwanza. Lakini watumishi walijazana, huduma zikadorora, na mwaka 1990 akakamatwa kwa dawa za kulevya, akafungwa miezi 6. Mwaka 1994 wakamchagua tena! Mwaka 1995 jiji likawa halina fedha, na pengo lilikuwa zaidi ya dola milioni 700. Si Barry peke yake. Jiji lilirithi deni la pensheni lililolimbikizwa enzi ya tume, lilibeba magereza kama jimbo, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya serikali kuu, haitozwi kodi.

Kongresi ikaweka bodi ya kudhibiti fedha ya watu 5, na mwaka 1997 ikahamishia kwenye bodi hiyo sehemu kubwa ya madaraka ya meya. Mjomba, hapa ndipo ninapokubaliana nawe: bodi ilirekebisha hesabu. Lakini iliandikiwa mwisho wake katika sheria ile ile iliyoiunda: bajeti 4 mfululizo zisizo na pengo, basi, kwaheri. Septemba 2001 ikafunga kazi. Miaka 6, si 100. Na wananchi waliendelea kuchagua meya na madiwani wakati wote huo.

Hata hivyo kamba bado iko shingoni. Kila sheria ya baraza inapelekwa kwanza Kongresi. Mwaka 2023 Kongresi iliifuta sheria mpya ya makosa ya jinai ya jiji, mara ya kwanza kufanya hivyo tangu 1991. Machi 2025 sheria ya bajeti ya Kongresi ililirudisha jiji kwenye matumizi ya mwaka uliotangulia, pigo la kama dola bilioni 1, wakati fedha zenyewe ni kodi za wakazi. Agosti 2025 Rais Trump alichukua usimamizi wa polisi wa jiji kwa siku 30 kwa kutumia kifungu cha ile ile sheria ya 1973, na kuleta askari wa akiba mitaani. Nilipita kituo cha treni nikawaona wamesimama na magwanda yao. Meya alichaguliwa na watu. Askari wale hawakuwa chini yake.

Kuna jingine linalonihusu mimi. Sheria ya 1973 inalikataza jiji kutoza kodi ya mapato kwa mtu anayefanya kazi Washington na kulala nje. Kwa hiyo mimi nakanyaga barabara zao siku 5 kwa wiki, na kodi yangu inavuka Eastern Avenue kwenda Maryland. Na huku Takoma Park, tangu mwaka 1992 hata mgeni asiye raia anapiga kura ya mji. Mimi na pasi yangu ya Tanzania nimemchagua diwani wangu. (Washington nayo iliruhusu wageni kwenye kura za jiji kuanzia 2024, na mpaka 2025 Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeshapiga kura zaidi ya mara moja kuifuta sheria hiyo.)

Tujiulize na sisi

Haya mambo hayako mbali na kwetu. Tanzania ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972, ikazirudisha kwa sheria za 1982, na halmashauri zikaanza tena 1984. Dar ilikaa na tume kuanzia 1996 hadi 2000, na Februari 2021 Rais Magufuli alilivunja Baraza la Jiji na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Nairobi ilikaa chini ya tume tangu 1983 hadi 1992, na mwaka 2020 kazi kubwa za kaunti zikapewa chombo kilichoongozwa na Meja Jenerali Mohamed Badi mpaka 2022. Miji mikubwa ya serikali ina nuksi moja: wakubwa wanaishi humo, na kila mkubwa anaona ni sebule yake.

Kwa hiyo mjomba, siku nyingine ukisikia tume inaletwa, usishangilie wala usilie kabla hujauliza maswali manne. Nani kaiteua? Inaondoka lini, na tarehe hiyo imeandikwa wapi? Deni au uchafu huo aliufanya nani hasa? Na ikinibomolea nyumba, nagonga mlango wa nani? Bodi ya 1995 ilikuwa na majibu ya kueleweka. Tume ya 1874 haikuwa nayo, na watu waliozaliwa siku ilipoingia walikufa bila kumchagua hata diwani mmoja.

Kuzoa taka ni kazi, na anayeizoa vizuri asifiwe. Ila mwenye nyumba hujulikana kwa kuwa anaweza kumwambia mzoa taka asirudi tena kesho. Uchaguzi wa serikali za mitaa huko kwetu huja kila baada ya miaka 5, na wengi wenu mnaupita kama msiba wa jirani wa mbali. Daftari likifunguliwa, nendeni mkajiandikishe, na mjomba aende wa kwanza. Akimpata diwani mvivu, amng'oe kwa mkono wake mwenyewe.

Mjomba najua utanijibu, na simu nitapokea. Wasalimieni wote, watoto wasome. Tukutane tena panapo majaliwa.